Mama Chekeche na Tope Lililoitwa Mchanga

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Chekeche atakabidhi ufunguo wa maabara ya mashapo na kuondoka kazini baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike nusu ukurasa, "kitu chepesi, chenye furaha, na tafadhali usitaje mambo ya bomba." Nimejaribu. Nusu ukurasa hautoshi hata kuyataja machekeche yake, na habari za mama huyu bila bomba ni kama chai bila maji.

Nianze na cheti atakachopewa siku hiyo. Rasimu yake ilipita ofisi nne, ikapigwa mihuri miwili, na kote huko hakuna aliyeshtuka kwamba inamshukuru kwa "utumishi uliotukuka katika upimaji wa mashamba." Ni mashapo, waheshimiwa. Mashapo: mchanga, tope na kila chembe inayozama majini ikatua chini ya ziwa. Mama huyu hajawahi kupima shamba hata la jirani. Amepima sakafu ya ziwa, na amefanya hivyo ndani ya jengo hilihili mnalopanda ngazi zake kila asubuhi, chumba cha mwisho kushoto, kile ambacho mkipita mlangoni mnaziba pua.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, msaidizi wa maabara wa daraja la chini kabisa, kazi yake kuosha chupa. Siku ya kwanza fundi mkuu wa wakati huo alimpa ndoo ya tope na machekeche matano, akamwambia achekeche mpaka maji yatoke meupe, kisha akaenda zake kunywa chai. Alidhani amemkomoa. Aliporudi alimkuta ametandaza magazeti sakafuni, juu yake vichuguu vitano vya mchanga, kila kimoja na ukubwa wake, naye amechuchumaa anavitazama kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Jina la Mama Chekeche alilipata wiki hiyo, kabla hata hajawa mama wa mtu.

Kwa faida ya wenzetu wa ghorofa ya juu, ambao huliona ziwa kupitia kioo cha dirisha, nieleze kazi yenyewe. Mnatoka na boti mpaka kituo kilichopangwa. Mnashusha taya, kifaa cha chuma chenye midomo miwili inayojifunga ikigusa chini. Mnaivuta juu kwa kamba, mita ishirini, thelathini, viganja vinachubuka. Kama kijiwe kimebana katikati ya midomo, tope laini limevuja njiani, na hiyo si sampuli tena. Mnamwaga, mnashusha upya. Mkirudi maabara ndipo kazi inapoanza. Unachoma mabaki ya majani na wadudu kwa dawa. Unaloweka usiku kucha katika maji yenye chumvi maalumu ili chembe zilizoshikana ziachane. Unachekecha, unapima kwa mizani. Kile laini kilichopita chekeche la mwisho unakiacha kitue ndani ya mtungi mrefu wa kioo, huku ukivuta maji kidogo kwa mrija kila saa iliyopangwa ikifika. Chembe kubwa hutua upesi. Ile ndogo kabisa huchukua kutwa nzima kushuka urefu wa kiganja. Ukimaliza hayo yote unajua ukubwa wa chembe, na ukubwa wa chembe ndio unaokuambia kama pale chini patabeba nguzo au patameza nguzo.

Ni kazi ya kuchosha, na Mama Chekeche hakuwahi kumhurumia mtu kwa uchovu. Nahodha wa boti yetu anakumbuka kituo kimoja walichokirudia mara saba kwa sababu ya vijiwe. Mara ya saba njaa ilimshinda.

"Mama, tope ni tope tu," akalalamika. "Hata lile la mara ya tatu lilikuwa zuri."

"Na mke ni mke tu?" akamjibu bila kugeuka. "Shusha."

Nahodha akashusha.

Kuna pia ile ziara ya mgeni mkubwa, aliyekuja maabara na viatu vya kung'aa na wapiga picha watatu. Aliuliza, kwa sauti ya kusikika na kamera, iwapo kweli mtu anaweza kuitwa mtaalamu kwa kuchezea matope. Mama Chekeche alichota tope kidogo kwa ncha ya kidole, akalisugua kwenye meno ya mbele, akasikiliza.

"Mchanga ungelia," alimwambia. "Hili liko kimya, hili ni mfinyanzi. Utajaribu, mheshimiwa?"

Mheshimiwa alikumbuka kwamba ana mkutano mahali.

Sasa tufike kwenye bomba. Mkurugenzi wetu wa wakati ule tulimwita Bwana Muhtasari, maana katika miaka sita hakuna ripoti aliyoisoma kupita ukurasa wa kwanza. Alikuwa hodari wa kuzindua. Alizindua ukuta, alizindua maegesho ya magari, na kuna siku alizindua ndoo za taka mbele ya waandishi wa habari, akakata utepe. Miaka tisa iliyopita alizindua mashine.

Mashine yenyewe, nisiidhulumu, ni nzuri. Unatia chembe ndani ya maji, inazimulika kwa mwanga, na baada ya dakika mbili inakupa ukubwa wake kwenye karatasi yenye rangi. Alitafutwa wa kuiendesha, akapatikana kijana mwenye shahada. Akapelekwa mafunzoni wiki tatu, akarudi na begi la magurudumu na dharau. Alikuwa akipita kwenye mitungi ya Mama Chekeche na kuuliza kama anatengeneza juisi. Kijana huyo ni mimi.

Mwaka uliofuata mji ulitaka maji. Wahandisi waliuliza jambo moja tu: pale utakapowekwa mdomo wa bomba la kuvuta maji ziwani, chini ni mchanga au ni tope? Kama ni mchanga, mdomo ungekaa hapo karibu na ufuko, juu ya miguu ya zege. Kama ni tope, bomba liende mbele zaidi, kwenye kina na changarawe. Mama Chekeche alitoka na Nahodha, akachukua sampuli vituo kumi na kimoja. Kila sampuli akaigawa nusu kwa nusu. Nusu moja akaniletea mimi, nusu nyingine akaifunga ndani ya chupa za vioo na kuziandika kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia ukiona maji.

Nilizipokea Jumatano jioni. Bwana Muhtasari alikuwa ameahidi majibu Ijumaa alasiri, ahadi aliyoitoa kwenye karamu bila kumuuliza mtu. Kuloweka na kuchoma mabaki kungenilia siku mbili. Kwa hiyo sikuloweka. Nilikausha tope kwenye tanuri, nikalitwanga kwenye kinu kidogo, nikalitia kwenye mashine. Tope likikauka huwa gumu kama mkate wa juzi. Ukilitwanga linakuwa makombo, na makombo yale yana ukubwa wa chembe za mchanga. Mashine ikaona makombo, ikasema mchanga. Nikachapa karatasi yenye rangi nne, nikaitazama, nikajiona mwamba.

Ijumaa saa sita mchana Mama Chekeche aliingia na karatasi yake. Alikuwa amepima sampuli tatu kwa njia yake, kwa haraka kuliko alivyopenda, na macho yalikuwa mekundu. Alizilaza karatasi mbili mezani, yake na yangu, ubavu kwa ubavu.

"Mwanangu, uliloweka?"

"Mama, mashine hii haihitaji mambo ya kuloweka."

"Sikuulizi mashine inahitaji nini. Nakuuliza tope linahitaji nini."

Chumbani tulikuwa watu watano. Nilicheka, na wenzangu wakacheka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na shahada. "Mama," nikamwambia, "zama za machekeche zimekwisha. Pumzika."

Alichukua karatasi zote mbili akaenda nazo kwa Bwana Muhtasari, nami nikamfuata mbio ili nisisemwe nikiwa sipo. Bwana Muhtasari alizitazama kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa upele.

"Ipi imetoka kwenye mashine?"

"Hii," nikasema.

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba pale chini ni tope," akasema Mama Chekeche. "Tope lenyewe ni laini kuliko unga. Mkiweka zege pale litazama, na upepo ukivuma mtakunywa uji. Nipe siku nne nikuoneshe zote kumi na moja."

"Mama, watu wanasubiri maji, wewe unataka siku nne za kuangalia chupa!"

"Watu wanasubiri maji, bosi. Hawasubiri tope."

Fomu ya majibu ilihitaji saini mbili, ya mchukua sampuli na ya mpimaji. Yangu ilikuwa tayari, na mkia mrefu. Mama Chekeche alichukua kalamu, na mahali pa saini akaandika: *Sikubaliani. Sampuli hazikulowekwa.* Akaweka tarehe, akatoka. Bwana Muhtasari aliyapitia maneno yale, ndiyo mara pekee niliyomwona akisoma kitu mpaka mwisho. Kisha akaagiza fomu nyingine, na mtunza stoo, ambaye hajui hata boti inapoegeshwa, akaitia saini kama mchukua sampuli.

Jumatatu Mama Chekeche alihamishiwa stoo ya vifaa vya ofisi. Barua ilisema ni "kwa manufaa ya utumishi." Mtaalamu wa miaka ishirini na mitano akapewa kabati la karatasi, wino na pini. Alihama na chupa zake kumi na moja ndani ya kasha la mbao, akaziweka rafu ya juu nyuma ya bahasha. Nilipita siku moja kuomba karatasi za mashine nikamkuta anapangusa vumbi kwenye vizibo vyake.

"Bado unazo tu?" nikamuuliza.

"Zina mwenyewe," akasema. Akanipa karatasi, akanifanya nitie saini.

Bomba lilijengwa. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, viti vilivyovishwa vitambaa, na hotuba tatu zilizosema jambo moja. Mgeni rasmi alifungua koki, akanywa glasi nzima, watu wakapiga makofi. Kibao cha shaba kikabandikwa ukutani chenye jina la Bwana Muhtasari kwa herufi kubwa kuliko neno "maji." Mimi nilipewa cheti cha Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Nilikitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia asipate pa kukwepea.

Mvua za kwanza zilipita salama, na sisi tukazidi kutamba. Mvua za pili zilikuja na upepo wa siku tatu mfululizo. Miguu ya zege, ambayo kumbe ilikuwa ikizama taratibu tangu siku ya kwanza, ilikuwa imeshamezwa mpaka magotini, na mdomo wa bomba ukawa unalala usawa wa tope. Siku ya nne koki za mji mzima zilitoa kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Siku ya sita pampu mbili zikaziba. Bwana Muhtasari alitoa tangazo kwamba rangi ile haina madhara na wananchi wawe watulivu.

Mwananchi mmoja hakuwa mtulivu. Wifi yake Mama Chekeche, dada wa mumewe, ni mfuaji katika hospitali, anafua mashuka ya wodi ya wazazi. Alikuja mpaka kwenye geti letu na aproni yake, chupa mkononi, akapiga kelele mpaka walinzi wakamwacha apite. Nilikuwa kwenye korido. Walikutana mlangoni mwa stoo.

"Wifi! Hii ndiyo kazi yenu? Mashuka ya wazazi nafua kwa uji? Nimefua mara tatu, yanatoka machafu kuliko yalivyoingia! Kina mama wanajifungulia juu ya khanga zao kwa sababu sina shuka la kuwapa, na nyie mmekaa hapa na mashati meupe!"

"Ingia, wifi."

"Siingii! Nataka aliyesema maji haya ni mazuri anywe hii chupa mbele yangu!"

"Utamngoja sana. Leta hiyo."

Mama Chekeche alimimina maji yale kwenye mtungi wa kioo. Hata stoo alikuwa na mtungi, sijui aliutoa wapi. Akaandika saa. Wifi alikaa juu ya katoni la karatasi, bado anafoka, lakini sasa kwa sauti ya chini. Baada ya saa nzima maji yalikuwa vilevile, hayajajitenga hata unene wa kidole.

"Unaona, wifi? Mchanga ungekuwa umeshalala zamani," alisema Mama Chekeche. "Hili ni tope lililoitwa mchanga."

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, mgongo ukutani. Hawakunitazama, na wala hawakuhitaji.

Wiki ile ile tuliambiwa wahandisi watatu wanakuja kutoka makao makuu kufanya uchunguzi. Bwana Muhtasari aliniita, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida alimwachia katibu wake. Mezani palikuwa na barua. Ilisema kwamba lebo za sampuli zilichanganywa ziwani na mchukua sampuli wa awali, "mtumishi ambaye alishaondolewa maabara kwa sababu za kiutendaji." Chini palikuwa na mstari wa shahidi.

"Wewe bado kijana," aliniambia kwa upole wa daktari wa meno. "Yeye amebakiza miaka michache tu. Barua hii haitamdhuru mtu, na hata yeye haitamdhuru sana."

Niliitia barua mfukoni nikasema nitaisoma. Niliibeba siku mbili. Ningependa kuwaandikia kwamba nilikataa papo hapo, lakini hili ni jarida la wafanyakazi na mnanijua. Siku zile mbili nilikuwa natafuta namna ya kutia saini bila kujiona. Siku ya tatu asubuhi nilisogea mpaka stoo, nikamwekea barua mbele. Alikuwa anarekebisha kibanio cha karatasi kwa bisibisi. Aliisoma yote. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu.

"Mbona haina vipimo?" akauliza.

"Mama, ni barua tu."

"Ndiyo maana." Akainuka, akavuta kiti, akashusha kasha la mbao kutoka rafu ya juu. "Chagua chupa. Wewe chagua, usije ukasema nimekuchagulia."

Nikachagua namba sita. Tulienda maabara yake ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuzwa mahali pa kuwekea viti vibovu. Tukavitoa viti. Siku tatu zilizofuata hakugusa kitu. Alikaa pembeni, mikono imekunjwa, mimi nikafanya kila hatua. Nikikosea anasema "rudia," halafu ananyamaza. Nilichoma mabaki, nililoweka, nilichekecha kwa maji mpaka vidole vikasinyaa. Nilikaa na mtungi, nikavuta kwa mrija kila saa yake. Katika kila sehemu mia za tope lile, tisini na moja zilipita chekeche la mwisho. Kisha, bila kuambiwa, nilichukua sehemu ya sampuli ileile iliyolowekwa nikaitia kwenye mashine yangu. Dakika mbili. Karatasi yenye rangi. Tope.

Nilikaa chini. Mashine haikuwahi kusema uongo. Ilisema kweli juu ya makombo niliyoitilia.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Mimi? Mimi sikuyanywa yale maji, nyumbani nina kisima. Kamwombe radhi wifi yangu."

Nilidhani ni msemo. Haukuwa msemo. Saa nane mchana nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mvuke umenijaa usoni, nikimweleza mama mwenye aproni kwamba ni mimi niliyeandika mchanga. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe ndiwe. Nilidhani ni mtu mzima." Akanitupia ncha ya shuka. "Kamua."

Nilikamua mashuka mpaka jua likashuka. Hakunisamehe kwa maneno, ila wakati wa kuondoka alinipa mafuta ya kupaka viganjani.

Kwenye uchunguzi nilisimama baada ya Bwana Muhtasari kumaliza kusoma barua yake, ambayo haikuwa na saini ya shahidi. Nikawaambia wahandisi: lebo ziko sawa, sampuli ziko sawa, aliyekosea ni mimi, na nilionywa kabla majibu hayajatoka, Ijumaa ileile saa sita mchana, tukiwa watu watano chumbani. Nikawawekea namba sita na chupa nyingine kumi. Mhandisi mkuu, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, aliomba aone fomu ya kwanza. Bwana Muhtasari akasema ilipotea. Mama Chekeche, aliyeitwa kama mtunza stoo kuthibitisha kumbukumbu za karatasi, alifungua bahasha akatoa nakala yake, maana fomu zetu zina karatasi ya kaboni na nakala huishia stoo.

"Ndiyo faida ya kunipeleka stoo," alisema. "Huku hakipotei kitu."

Mdharau mwiba guu huota tende, ila naona kuna watu wana miguu ya kuazima. Bwana Muhtasari hakufukuzwa. Alihamishwa, na kwa kuwa watu wa aina yake huhamishwa kwa kupandishwa, sasa ana ofisi kubwa zaidi na, nimesikia, anazindua vitu vikubwa zaidi. Kibao chake cha shaba bado kiko ukutani na bado kinapigwa msasa kila mwezi. Mimi nilishushwa daraja, na Mama Chekeche aliporudishwa maabara aliweka sharti moja: nimwoshee chupa mwaka mzima. Nilimwoshea. Cheti cha Mfanyakazi Bora nilikitoa sebuleni siku niliyoanza. Mke wangu akasema chumba kimepata hewa.

Bomba jipya lilikwenda mita mia sita na arobaini mbele zaidi, kwenye changarawe. Mama Chekeche alipima vituo arobaini na viwili kabla ya mhandisi yeyote kuruhusiwa kuchora mstari. Tangu hapo mji haujanywa uji. Hakuna aliyekata utepe, kwa sababu hakuna aliyetaka kukumbushwa kwa nini bomba lilijengwa mara mbili. Mafundi walifungua maji Jumanne moja saa nne asubuhi, Nahodha akanawa uso, wakarudi kazini.

Katika miaka yake mitano ya mwisho amefundisha wapimaji kumi na wanne. Wawili walikimbia. Kumi na wawili waliobaki wanaogopwa katika kila kikao cha ujenzi, na hiyo ndiyo sifa. Ameandika kitabu cha mwongozo chenye kurasa kumi na tisa, kisicho na muhtasari kwa makusudi. Amekataa kuitwa "mwanamke jasiri" kwenye hotuba ya siku ya kuagwa. Alimwambia mwandishi wa hotuba kwamba ujasiri ni wa watu wasio na vipimo. Ratiba ya sherehe imempa dakika mbili za kuzungumza na imewapa viongozi dakika arobaini na tano. Nawashauri viongozi wamalize mapema. Nyie wote mtakuwa mmekuja kumsikiliza yeye.

Jambo moja wengi hamlijui, nami nimelijua juzi tu: Mama Chekeche hajui kuogelea. Miaka yote ile juu ya maji, kila safari alifunga jaketi la kujiokolea mpaka kidevuni, na sisi tukadhani ni kufuata kanuni. Nilipomuuliza kwa nini hakujifunza alisema hakuwa na nafasi, alikuwa kazini. Sasa ameipata. Jumatatu ya tarehe tatu, saa moja asubuhi, ataanza mafunzo kwenye ufuko ulio chini ya karakana ya boti. Nahodha ndiye mwalimu. Mumewe atashika taulo. Wifi ameomba ruhusa hospitali aje, si kuogelea, kucheka.

Mama, kwa niaba ya maabara, ya mji unaokunywa bila kujua, na ya kijana mmoja aliyekucheka mbele ya watu: ahsante. Uwe na afya, ulale usingizi mnono, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Hiyo Jumatatu ingia taratibu wala usiwe na hofu. Pale ufukoni, mpaka hatua ya arobaini, maji hayapiti kifua. Kina hicho ulitupimia wewe.